Mpaka Ndani ya Chungu

Zamani za Mdachi, baada ya reli kufika Dodoma na kabla ya vita, kulikuwa na Wazungu saba waliokuwa na chama cha kupanda uzio wetu ndani ya vyungu. Ndivyo tulivyosema watu wa Mkonze, tena kwa kucheka. Kwetu mnyaa ni mti wa kuzungushia zizi. Jirani akikuomba kitawi unamvunjia huku mkiendelea kuzungumza, anakwenda kukichomeka ardhini, kinashika. Wazungu hao waliupenda mnyaa, mshubiri, mkonge wa porini, na kila mmea mnene unaoweka maji mwilini mwake ukavumilia kiangazi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi walikuja kwa treni kutoka huku na huku, wakakaa barazani kwa bwana wa ghala la reli, vyungu vimepangwa mezani mbele yao. Mmoja anapima jani kwa rula, mwingine anaandika, wa tatu anafungua bia. Halafu wanaanza kubishana nani alikiona nini kwanza.

Mimi nilikuwa mtunza bustani wa chama hicho. Watu wanaponiuliza habari za Mdachi hutaka niwaambie kiboko na kodi, na nikianza habari za vyungu nawaona wanatazama pembeni. Shauri yao. Kiboko sikupigwa. Nilichopoteza ni shamba, na nililipoteza kwa sababu ya mmea mmoja uliotoka mpakani ukaingia chunguni, na kila hatua ya safari yake mkono wangu ulikuwamo.

Shamba lenyewe lilikuwa kwenye mteremko unaoshukia korongo. Juu ni udongo mwekundu wenye changarawe, ambao mvua ikikatika wiki mbili unakurudishia mbegu zako. Chini ni udongo mweusi unaoshika maji, na hata mwaka mbaya uwele hapo haukosekani. Baba mkwe wangu alikuwa na wake wawili, na kabla hajafa aliwagawia watoto wa nyumba hizo mbili ardhi yake. Juu palikuwa na jiwe kubwa ambalo hakuna mtu angeweza kulisogeza. Chini, karibu na korongo, alipanda mnyaa mmoja. Kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mnyaa ndio mpaka: upande wa kushoto wetu, upande wa kulia wa shemeji yangu, mtoto wa mke mkubwa. Katikati hapakupandwa kitu kwa sababu baada ya mavuno ng'ombe wa wote walipita hapo. Basi mpaka wetu ulikuwa kama mlango, jiwe ndilo bawaba na mnyaa ndio komeo. Udongo mweusi ulikuwa karibu wote upande wetu, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyebaki kumtunza mzee.

Mume wangu alikufa kwa homa katikati ya palizi. Aliniacha na binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na mama mkwe ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nililia siku za msiba kama inavyotakiwa. Baada ya hapo sikulia tena, wala sikucheka, wala sikukasirika, mimi ambaye tangu usichana nilijulikana kwa hasira. Umewahi kuamka umeulalia mkono, ukaushika ukaona kama ni wa mtu mwingine? Mwili wangu wote ulikuwa hivyo, na moyo pia. Nilipika, nilipalilia, nilimwogesha mtoto. Siku moja mama mkwe aliniuliza kama nimekula, nikashindwa kukumbuka.

Matanga yalipoisha shemeji alikuja kusema yuko tayari kunirithi. Alikuja vizuri, na kibuyu cha maziwa, akaongea kwa heshima. Nikamwambia sitaki. Sikumchukia, sikuwa na hamu ya mtu yeyote. Akacheka, akasema, "Haya, shemeji, kila mtu na nyumba yake." Asije mtu akamfanya zimwi. Alikuwa mcheshi, na alikuwa na wake wawili, watoto saba na udongo mwekundu.

Sasa ule mnyaa. Ulikuwa umeota vibaya. Matawi ya mnyaa ni membamba, ya duara, lakini wa kwetu juu ulikuwa umebapa na kujikunja, mpana kama ungo, kama kilemba cha jogoo. Mama mkwe alisema umeingiwa na wazimu. Hakuna aliyeutamani, na ndiyo maana ulidumu.

Bwana wa ghala aliuona Jumapili moja mchana, akitembea na fimbo yake na mkoba wa turubai begani. Mimi nilikuwa napalilia. Alinisalimu "Mbukwa" kwa namna yake, kisha akauona mnyaa. Aliuzunguka mara tatu. Halafu akaketi chini kwenye udongo na suruali yake nyeupe, kama mtu aliyeletewa habari za kwao.

"Mti huu wa nani?" akauliza. Kiswahili alikijua, ila alikisema kwa kukata, kama kuni.

"Ni wa mpaka," nikasema. "Wangu na wa shemeji."

"Mimi nataka huu. Nitakupa mwingine, utapanda hapa hapa."

Mvua za mwaka ule zilikuwa chache. Alisema nitafanya kazi bustanini kwake, na kila siku nitaondoka na mtama wa ghala wa kutosha watu watatu. Akaongeza doti ya kaniki, nguo nyeusi ya kujifunga. Mtu mwenye akili zake timamu angesema ngoja nimuulize mama mkwe, ngoja wazee waje. Nilisema, "Haya." Lilikuwa neno jepesi kuliko yote niliyokuwa nayo mdomoni.

Kesho yake alikuja na watu wawili wa kuchimba. Kabla ya kuchimba alifanya jambo ambalo lazima nilieleze sawasawa. Alitoa kamba ndefu yenye mafundo, akanipa ncha moja niishike pale kwenye jiwe, yeye akashuka na ncha ya pili hadi kwenye mnyaa. Akaitazama dira. Kisha akatoa kwenye mfuko wa kifuani kitabu kidogo cheusi chenye penseli iliyofungwa kwa uzi, akaandika urefu wa kamba na upande inakoelekea, akachora na jiwe lenyewe. Alipopita karibu yangu alinionyesha mchoro, na kwa kweli lilikuwa jiwe letu, na ufa wake. Kila mmea aliouokota aliuandika hivyo. Alisema mmea bila mahali ni yatima.

Mnyaa ulipotoka, akaniamuru nilifukie shimo. "Jaza, kanyaga, tupa majani juu. Mtu asijue." Nilijaza, nikakanyaga, nikatandaza majani na changarawe. Mimi ni mtu wa kufanya kazi vizuri hata ile isiyo na faida kwangu. Nikamuuliza mnyaa mwingine aliouahidi uko wapi. Akasema si sasa, mtu akiona mti mpya umepandwa peke yake ataelewa kwamba hapo palitolewa kitu. Niusubiri mpaka masika mengine.

Jioni mama mkwe aliteremka na fimbo yake kukusanya majani ya mlenda. Alizoea kufika kwenye mnyaa, akaugusa, ndipo akageuka. Nilimwona akipapasa hewa.

"Mwanangu, mnyaa uko wapi?"

"Nimempa Mzungu, mama."

"Na mpaka?"

"Mpaka uko palepale."

"Palepale wapi?" akauliza. Akageuka akapanda nyumbani bila mlenda.

Nikaanza kazi. Bustani ya yule bwana ilikuwa kitu cha ajabu kwa mtu wa Ugogo: mahali ambapo kazi kubwa ya mtunzaji ni kuzuia maji. Sisi tunaolilia mvua, nililipwa chakula nihakikishe vyungu havilowi. Niligeuza vyungu vipate jua pande zote, nikawapangusa wadudu kwa unyoya, nikauepuka utomvu usiingie machoni. Kazi hiyo ilinifaa. Mimea ile haikunitaka niseme neno, wala haikuonyesha kama inaumwa au inafurahi.

Jumapili ya chama ilipokaribia, bwana akaniita pembeni. Katika wale saba alikuwamo daktari mmoja mwenye ndevu chache, aliyetoka bara, na bwana wangu alimwogopa kuliko chui. Alinieleza kwamba mwaka uliopita alimwambia daktari kilima chenye mshubiri mdogo wa madoadoa, na wiki iliyofuata mshubiri ule haukuwapo tena kilimani, hata mmoja. "Ukisema mahali, mahali panakufa," akasema. "Wewe ukiulizwa, sema Busi."

Hilo halikunishangaza hata kidogo. Kwetu mwenye mzinga haonyeshi njia ya kwenda kwenye mzinga wake, na akiulizwa asali imetoka wapi hutaja kilima kingine, na hakuna anayemwita mwongo. Busi niliisikia tu. Iko huko milima ya Kondoa, kwa Warangi, mwendo wa siku nyingi. Nikasema, "Haya."

Siku ilipofika, mnyaa wetu ulikuwa katikati ya meza, chungu chake kikubwa kimepakwa chokaa. Wazungu walisimama wote. Mzee mmoja wa misheni alivua kofia, sijui kwa joto au kwa heshima. Daktari aliinama akautazama kwa kioo, akanyooka, akanigeukia mimi badala ya bwana.

"Mama, huu umetoka wapi?"

"Busi, bwana."

"Wewe ulifika Busi?"

"Nilikwenda kwa shangazi yangu."

Shangazi huyo hakutumwa na mtu. Sina shangazi Busi wala sijawahi kuwa naye. Nilimtoa kichwani mwangu bila kufikiri, na alitoka akiwa mtu kamili, ningeulizwa ningesema hata anavyojifunga nguo. Bwana akafungua kitabu kikubwa cha chama kilichokuwa mezani, akaandika, akasoma kwa sauti: Busi. Wakampigia makofi. Kitabu kidogo kilikuwa mfukoni mwake, niliona umbo lake kupitia kitambaa cha shati.

Shemeji alikuwa uani, amekuja kuuza maziwa. Alikuwa amesimama na kibuyu chake, na alisikia kila kitu. Macho yetu yalipokutana alitabasamu, tabasamu la mtu anayeona mwenzake ameangusha kitu na hajui.

Masika yaliyofuata yalianza vizuri, ila mnyaa nilioahidiwa haukuletwa. Asubuhi moja niliteremka shambani nikamkuta shemeji na wake zake wote wawili wanalima, na walikuwa wamekwisha kuingia kwenye udongo mweusi. Mlango ulikuwa umesukumwa. Kutoka kwenye jiwe mstari wao ulikuja moja kwa moja mpaka mbali ndani ya upande wetu. Juu hapakuwa na tofauti kubwa, lakini chini ulichukua karibu bonde lote.

"Shemeji, umevuka," nikasema.

"Nimevuka nini?"

"Mpaka."

Akaegemea jembe lake. "Nionyeshe."

Nilikwenda pale pa mnyaa. Nilikwenda kwa hakika, kama unavyokwenda penye mafiga yako. Nilipofika, hapakuwa pale. Nikasogea hatua tatu, nikarudi tano. Mvua ilikuwa imepita, mbuzi walikuwa wamepita, na shimo nililifukia mimi mwenyewe vizuri sana. Nilizunguka pale huku wake zake wakinitazama, mmoja wao akainamisha uso. Shemeji alinisubiri kwa uvumilivu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenitukana.

Wazee watatu waliitwa. Wote walikubali kwamba mnyaa ulikuwapo. Pale ulipokuwa, kila mmoja alipanda fimbo yake mahali pake, na fimbo zote tatu zilikuwa mbali na mbali. Yule aliyemwoza binti yake kwa shemeji alipanda ya kwake karibu kabisa na mstari mpya. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mama mkwe hakuulizwa, kwa kuwa haoni.

Ndipo nikakumbuka kitabu kidogo. Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe, binti yangu mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifiwe nilisikia moyo wangu ukipiga. Nilifurahi. Nasema waziwazi, nilifurahi. Mpaka wangu ulikuwa umeandikwa, kwa kamba na kwa dira, na mchoro wa jiwe na ufa wake. Hakuna mtu Ugogo nzima aliyekuwa na mpaka ulioandikwa hivyo.

Nilimwendea bwana kumwomba awasomee wazee kitabu hicho. Alikuwa anafurahia karatasi iliyotoka Ulaya, iliyopigwa chapa, yenye picha ya mnyaa wetu. Alinionyesha kwa kidole mstari mmoja chini ya picha. "Hapa wameandika jina langu, na hapa wameandika Busi," akasema. Nikamweleza habari za shamba. Uso wake ukabadilika kidogo tu. "Ndiyo, ndiyo. Baadaye," akasema, akaikunja karatasi.

Sikungoja baadaye. Nilikwenda kwa akida. Akida wetu alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na subira ya kusikiliza shauri mpaka mwisho, jambo ambalo si kila akida alikuwa nalo. Nilimweleza yote: kamba, dira, hata lile neno la Busi. Alifikiri, akasema, "Mzungu siwezi kumwita barazani kwangu. Lakini akiwa ameandika, ameandika. Jumapili ya chama nitakuja mwenyewe nimuombe atusomee."

Alikuja. Shemeji alikuja pia, kavaa nguo safi. Mama mkwe alishikwa mkono na jirani, akaketi chini karibu na ngazi. Wazungu walikuwa wote saba. Daktari alikuwa amekonda, na miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa. Wapagazi walikwisha kutuambia sababu: alikuwa ametembea mpaka Busi, akazunguka vilima vile siku kumi na mbili akitafuta mnyaa wenye kilemba cha jogoo, na alirudi na malengelenge matupu.

Akida alisalimu, akaeleza kwa adabu kwamba kuna shauri dogo la mpaka, na kwamba mwanamke huyu anadai mmea fulani ulitoka shambani kwake Mkonze, na kwamba bwana alipaandika mahali pake. Je, bwana angependa kutusaidia?

Bwana akavuta kitabu kikubwa. Akafunua taratibu, akaweka kidole, akasoma. "Busi. Milima ya Kondoa."

Daktari akaweka glasi yake chini. "Na kama si Busi?" akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. Akanigeukia. "Mama, sema. Usiogope."

Basi hata msaidizi nilikuwa naye. Alikuwa na sababu zake, lakini nani asiye na sababu zake. Akida naye akanitazama.

"Mama, siku ile mbele ya mabwana hawa ulisema umetoka Busi. Leo unasema umetoka Mkonze. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile," nikasema.

"Shahidi wako nani?"

Kitabu kidogo kilikuwa mfukoni mwa shati la bwana. Kilikuwa umbali wa mkono wangu, ningeweza kukigusa. Bwana hakunitisha. Alikuwa amefumbata vidole vyake mezani na uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa ya chungu, na aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyebeba chombo cha kuvunjika. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole na kusema, kile pale. Daktari angekidai. Asingekubali kuondoka bila kukiona.

"Sina," nikasema.

Nimewaambia wajukuu zangu kwamba niliogopa kiboko. Nimewaambia watu wa misheni, walionifundisha kusoma ukubwani, kwamba niliogopa kupoteza mtama wa ghala. Yote mawili yanaeleweka, na watu hutikisa kichwa wakaniacha. Sasa niandike ilivyokuwa. Sikuogopa kitu. Ile furaha niliyoipata kwenye jiwe ilikuwa imekwisha, ganzi ilikuwa imerudi, na kunyoosha kidole kulionekana kazi kubwa mno kwa ajili ya jambo ambalo nilikuwa silitaki tena. Wakati ule sikutaka chochote. Nilikuja kulitaka shamba langu miezi mingi baadaye, nikiwa napepeta vikapu viwili vya uwele wa udongo mwekundu, na nililitaka kwa hasira hata nikaupiga ukuta wa tembe kwa ngumi. Maji yalikwisha mwagika.

Akida alisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba mtu aliyeweza kuwadanganya Wazungu saba hawezi kushindwa kumdanganya yeye. Hakusema kwa ukali. Shemeji akapewa mstari wake. Wazungu wakarudia vyungu vyao, ila daktari, aliyebaki akinitazama mpaka treni ilipopiga filimbi.

Njiani kurudi mama mkwe alinishika bega, nami nikamwongoza kama kawaida. Nilikuwa nimemwambia habari za kitabu kidogo tangu siku ya kamba. Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, "Kilikuwa mfukoni?"

"Kilikuwapo, mama."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Hakuniuliza kwa nini. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka kufa kwake, na ilikuwa miaka mingi. Aliendelea kuniita mwanangu. Alipunguza kula tu, kila siku anasukuma sahani upande wa mtoto akisema ameshiba.

Kiangazi kilichofuata shemeji alinifuata bustanini. Bwana alikuwa amesafiri. Shemeji alisimama kwa adabu nje ya vyungu, kofia mkononi, akasema anataka kuuweka mpaka vizuri kabla ya mvua ili watoto wetu wasije wakagombana. Angependa kitawi cha mnyaa uleule, maana ndio wazee waliouzoea, na wakiuona watajua kwamba huo ndio mpaka.

Nilichukua kisu nikamkatia tawi zuri lenye kilemba. Nilimwambia asilipande siku ile. Alilaze kivulini siku kumi mpaka jeraha likauke, maana likiingia ardhini bichi litaoza, na akishalipanda asilimwagilie. Aliitikia kila neno. Baadaye nilijiuliza kwa nini sikumwacha alipande bichi, lioze. Wakati ule halikunijia.

Baada ya siku kumi akanitumia mtu, kwamba shemeji njoo usimame kwenye jiwe unionyeshe kama nimenyoosha, maana mimi niko huku chini sioni vizuri. Nilikwenda nikasimama. Yeye alikuwa chini karibu na korongo, tawi mkononi, wake zake pembeni na debe la mbolea. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yetu, nyuma yangu, akisikiliza.

"Hapa?" shemeji akaita.

Nilitazama. Mstari aliopewa na akida niliujua. Niliupita kila siku. Pale aliposimama alikuwa amekosea, amerudi hatua nne upande wake. Hatua nne za udongo mweusi, kutoka korongoni mpaka karibu nusu ya mteremko, na angeupanda mnyaa pale zingekuwa zangu bila shauri wala akida, na hakuna mtu angekuja kujua.

Nikainua mkono wangu nikamwashiria asogee upande wangu. Akasogea hatua moja. Nikaashiria tena. Alipofika penyewe nikamwambia panatosha, akachimba, nami nikaenda kumsaidia mama mkwe kuinuka.